Kifaru Kilichochorwa Barabarani

Saa kumi na dakika ishirini jioni ya Jumamosi, mpakaji rangi mmoja mrefu aliinama kupita mlango wa duka la fundi saa na kuuliza kama mtu wa kimo chake anaweza kuenea ndani ya kifaru cha vita. Swali lilisikika hadi nje. Nje pana kijiwe: benchi la ubao uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, kushoto duka la saa, kulia banda la kuziba pancha, mbele jiko la mkaa na birika la kahawa. Mwenye jiko ni mama yake huyo mpakaji rangi. Kijana ameitwa Mlingoti tangu shule ya msingi, basi na yeye akawa Mama Mlingoti, jina ambalo halikumpendeza ila amelizoea. Mwenye banda anaitwa Tairi. Huzungumza kwa sauti ya kushindana na mashine ya upepo, hata siku ambayo mashine imezimwa. Kwenye ncha ya ubao yenye kivuli hukaa Karani, mstaafu, aliyetoka ofisini na shehena ya methali ambazo huzitoa bila kuangalia anayezipokea. Na fundi saa wanamwita Brigedia, ingawa hajawahi kuvaa sare ya aina yoyote.

Cheo alipewa na kijiwe kwa sababu ya rafu ya kioo iliyo nyuma ya meza yake. Humo mna vifaru vya plastiki, vidogo vya kukaa kiganjani na vingine vya urefu wa kiatu. Kila kimoja alikiunganisha mwenyewe kwa gundi na kibano cha kazi ya saa, akakipaka rangi kwa brashi yenye nywele chache kuliko kope. Mteja akileta saa iliyosimama, huondoka akiwa amesahau saa na amekumbuka vifaru.

Habari ya Mlingoti ilikuwa hivi. Amepigiwa simu afike kambini Jumatatu asubuhi, kikosi cha vifaru, alichokiomba mwenyewe. Tangu utotoni ndiye aliyekuwa akipangusa vumbi ile rafu, na hajawahi kutaka kazi nyingine. Rangi anapaka kwa kuwa tumbo halingoji. Lakini mwenzake aliyewahi kufika huko kamwambia kwamba kitu cha kwanza kupimwa ni urefu, na warefu hurudishwa kabla hawajatua mabegi. Umri nao unamkimbia. Akirudishwa mara hii, hataitwa tena.

— Mjomba, wewe ndiye unayevijua, — alimwambia Brigedia. — Niambie kabla sijakwenda kuaibika.

Brigedia aligeukia rafu. Mtu wa saa akiulizwa kitu hukitazama kwanza. Aliyejibu ni Tairi, kutoka nje, akiwa amepigia goti tairi la baiskeli.

Kwa maelezo ya Tairi, ndani ya kifaru mna nafasi kuliko nyumba nyingi za kupanga. Askari wanakaa humo wiki nzima bila kutoka. Wanapika humo, wanalala humo, wana kamba ya kuanikia nguo. Karani alikubali, akaongeza kwamba mna pia ghorofa ya chini, na kwamba ile minyororo ya pembeni imewekwa kuificha. Tairi alisema hilo la ghorofa hakulijua lakini halimshangazi. Likabaki swali la namna ya kuingia, na Karani akalimaliza.

— Nyumba njema si mlango.

— Maana yake nini hapo, mzee? — aliuliza Tairi.

— Maana yake ni hiyo hiyo. Usiangalie mlango. Ukishakuwa ndani, nani atakuuliza ulipitia wapi?

Tairi alifikiri, akasema kweli. Akaendelea: risasi za mzinga ule zina urefu wa mtoto wa chekechea, na zinaingia. Zinaingiaje? Zimelazwa. Basi na mtu naye anaweza kupitishwa amelala, kichwa kwanza, wenzake wakimpokea ndani. Yeye haoni ugumu.

Mama Mlingoti alikuwa anachochea mkaa. Hakuinua macho.

— Mwanangu si risasi, — alisema.

Ndipo Brigedia alipotoka na vifaru. Alitandika kile kitambaa cha kufutia vioo katikati ya benchi, Karani akasogea, Tairi akanawa mikono bila kuambiwa, jambo ambalo kwake ni heshima kubwa. Vikapangwa. Cha mbele kilikuwa kirefu, cha rangi ya mchanga, mzinga wake ukitokeza nje ya kitambaa. Cha mwisho kilikuwa cha kijivu, kidogo, ungeweza kukificha kwa bakuli.

Mabishano ya kipi kikubwa yalichukua muda. Karani alionyesha kile cha mchanga na kushangaa kwamba kuna mtu anauliza. Brigedia alimweleza, kwa upole wa mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo kwa miaka, kwamba ukubwa wa hapa benchini si ukubwa wa kweli. Hiki cha mchanga kimepunguzwa mara thelathini na tano. Hiki cha kijivu kimepunguzwa mara sabini na mbili. Virudishe vyote viwili kwenye umbo lao, na hiki kidogo ndicho baba yao.

— Mimi naamini macho yangu, — alisema Tairi. — Kidogo ni kidogo.

Brigedia alimpa ile lenzi ya kubana jichoni, akamwambia atazame gurudumu moja tu la kile cha kijivu. Halafu akaweka kiganja chake pajani kwa Tairi, karibu na kiuno. Gurudumu hilo likisimama hapa, alisema, linakufika hapa. Na hilo ni moja katika safu, na nyuma ya safu hiyo kuna safu nyingine.

Tairi anaishi kwa magurudumu. Alitazama kwa muda ambao hajawahi kutumia kutazama kitu kisichovuja.

— Upepo wake wanatia kiasi gani?

— Halina upepo. Ni chuma na mpira mgumu.

— Basi halipati pancha.

— Halipati.

Tairi alitoa lenzi jichoni, akairudisha taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa peponi akaona kwamba huko hana kazi. Karani alisema ukubwa jalala. Hakuna aliyemuuliza maana. Kila mmoja alikuwa anakitazama kile kitu kidogo cha kijivu na kujaribu kukikuza kichwani hadi kizibe barabara, na kila mmoja kilimshinda.

Mlingoti hakuwa na hamu ya nje. Yeye alitaka ndani. Brigedia alisema vifaru vya kambini ni ndugu na hiki cha mchanga, na bahati nzuri hiki alikijenga na ndani yake: viti, kitako cha mzinga, rafu za risasi. Kile kichwa cha juu kinachobeba mzinga hufunguka kama kifuniko cha sufuria. Na pembeni mwa tundu la juu alikaa mtu.

Mtu huyo wote wanamfahamu. Ni afisa wa plastiki, mkono mmoja umenyooshwa, amebandikwa hapo miaka na miaka. Yeye ndiye anayewafanya wateja washike midomo, kwa sababu kando yake kile kifaru kinaonekana kama meli. Brigedia alimbandua kwa ncha ya kisu, akafungua tundu, akamwachia. Mtu alipotea. Alisikika akigonga sakafu.

Walipoinua kichwa cha kifaru walimkuta amelala karibu na kiti, na kile kiti kwake kilikuwa kama kitanda. Brigedia alimsimamisha kwa kibano. Hakufika hata karibu na dari. Juu yake pangeweza kulala mwingine, na bado pakabaki pa kuvaa kofia.

Mlingoti alikaa chini, vumbini, magoti yakafika masikioni. Alikuwa anacheka peke yake bila sauti.

Tangu hapo mazungumzo yalikosa breki. Tairi alisema sasa wamemwelewa, mle ndani mtu anafuga kuku. Karani alisema pangefaa ofisi, yenye kabati za mafaili, mtu wa mapokezi na sehemu ya kungojea. Tairi akasema kama ndivyo, basi vita vyote vya zamani vilikuwa ni watu wamekaa kwenye nyumba zao wanatembea nazo, ndiyo maana vilichukua miaka: nani atakuwa na haraka ya kurudi nyumbani akiwa nyumbani? Karani alilipenda hilo hata akakosa methali.

Mama Mlingoti alimimina kahawa kwa wote bila kuombwa. Alifuta mikono kwenye kanga, akaja akainama juu ya kile kifaru kilichofunuliwa, akamtazama yule mtu mdogo aliyesimama katikati ya chumba kikubwa cha chuma. Tangu simu ilipopigwa alikuwa hajasema anataka nini. Karani alikuwa amemuuliza asubuhi, naye alijibu kwamba anataka anachotaka mwanawe, na kwamba hiyo ndiyo shida yenyewe.

— Kumbe ana nafasi, — alisema sasa.

Brigedia alikuwa bado amevaa lenzi. Alimchukua yule mtu kwa kibano, akamgeuza, akamtazama nyayo. Kisha akamsogeza hadi kwenye kile kifaru cha kijivu, kile kidogo, akamsimamisha kando yake. Kichwa kilifika panapostahili kufika. Alitoa lenzi, akaifuta. Haikuwa chafu. Wengine walikwisha kumsahau. Tairi alikuwa anamwelekeza Mlingoti mahali pazuri pa kufunga chandarua.

— Nimekosea, — alisema Brigedia.

Hawakumsikia. Alirudia.

— Huyu mtu si wa kifaru cha mchanga. Watu wake walipotea nilipohamia duka hili. Nikaona kimekaa kitupu, nikambandika huyu wa kile kidogo. Nikasahau. Miaka yote nimekitazama nikashangaa ukubwa wake pamoja nanyi.

— Sasa mtu wake wa kweli ana ukubwa gani? — aliuliza Karani.

— Mara mbili ya huyu. Na kidogo juu.

Kila mmoja alitazama tena ndani ya kile chumba na kumweka humo mtu wa mara mbili. Kuku walitoka. Kabati za mafaili zilitoka. Mtu wa mapokezi alitoka.

Mama Mlingoti alirudi jikoni kwake.

— Afadhali umesema, kaka, — alisema.

Wazo la kuchora lilikuwa la Mlingoti. Alisema amechoka na vya benchini, vidogo vinadanganya. Alikwenda kwenye baiskeli yake akaleta uzi wa kupigia mstari na kopo la chokaa, akamwomba mjomba ampe vipimo. Brigedia alipima kwa kile chombo chake chenye taya mbili, kinachopima hadi unene wa unywele. Karani alizidisha kwa thelathini na tano, kwa mdomo, macho yamefungwa, na hapo hakutumia methali hata moja. Mlingoti alivuta uzi.

Upana ulianzia ukingo wa mtaro. Walitarajia ungeishia kwenye jiko. Ulipita jiko. Mama Mlingoti alihamisha jiko, mkaa ukiwaka, akarudi kuchukua birika. Urefu ulianzia mlango wa duka la saa ukala benchi, benchi likabebwa. Ukala njia ya kuingilia bandani. Tairi aliondoa matairi yake yaliyopangwa nje, moja moja, akiulizia kila mara kama bado, na kila mara akiambiwa bado. Walipofunga mistari ya mwili, mzinga ulikuwa haujaanza. Mzinga ulitoka mbele ukaenda peke yake, ukapita kona, ukaishia karibu na bomba la maji, ambako waliokuwa wakingoja zamu walisogeza ndoo kupisha mstari wa chokaa.

Mlingoti alisimama pale mdomoni mwa mzinga, kopo mkononi, akageuka nyuma kutazama alikotoka. Baiskeli zilikuwa zinasimama. Mwenye mkokoteni alifika ukingoni mwa mstari, akashusha mikono, hakupita juu yake, alizunguka mtaroni. Hakuna aliyemkataza. Watu waliingia wakasimama ndani ya lile umbo, wakatazamana, wakainua macho hewani pale ambapo chuma kingekuwa. Tairi alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini.

— Na kitu hiki kinatembea.

— Kinakimbia, — alisema Brigedia.

— Kinakimbia, — alirudia Tairi, akaketi juu ya tairi.

Kisha wakachora ndani. Huko hesabu zilikwenda kwa njia nyingine. Unene wa chuma ulimeza sehemu yake. Injini ilichukua nyuma yote, ukubwa wa chumba cha kulala. Risasi zilichukua pembeni. Kitako cha mzinga kilichukua katikati. Kila Karani alipotaja namba, Mlingoti alipiga mstari, na kila mstari ulikula. Dereva alipewa uchochoro wake mbele. Kwa watu watatu wa kichwani vilibaki visehemu vitatu, kila kimoja kama cha kuwekea kigoda. Kitu kilichozuia barabara, ndani yake mlikuwa hamna pa kunyoosha mguu. Brigedia alikuwa ameshika kitabu cha maelekezo ya kuunganishia, lakini hakukitazama. Alitazama chini.

— Sikujua, — alisema. — Nimekijenga kwa mkono huu na sikujua.

Mlingoti aligeuza ndoo yake ya rangi, akakaa kwenye kisehemu cha mlenga mzinga. Magoti yalivuka mstari. Akayarudisha, mgongo ukavuka. Dari waliiweka kwa uzi, ukashikwa huku na huku. Kichwa kilikuwa juu ya uzi, kimo cha shingo nzima. Akajikunja. Alivuta miguu chini ya ndoo, akashusha mabega, akalaza shingo kama mtu anayesikiliza ukuta. Polepole, kiungo baada ya kiungo, mistari yote ikabaki nje yake.

— Ameenea, — alisema Karani, kwa heshima.

Watu walisogea kumtazama. Ilikuwa kama kuona kitanda kimeingizwa kwenye sanduku. Aliulizwa kama anaumia, akasema haumii. Aliulizwa kama anaweza kukaa hivyo siku nzima, akasema hata wiki. Alikuwa anatabasamu, uso umeelekea begani.

Hapo Tairi alirudi katika hali yake. Alisema kama ndani ameenea basi kilichobaki ni getini, na getini ni akili tu. Urefu unapunguzika. Vaa suruali pana, alimwambia, legeza magoti humo ndani, toa pumzi yote, zamisha shingo, angalia mbele kama huna habari. Alimsimamisha kwenye ukuta wa duka la saa, akapiga alama ya chaki ya urefu wake wa kweli, kisha akamwambia afanye alivyofundishwa. Mlingoti alifanya. Kwa macho ya mtu aliyekuwa upande wa pili wa barabara alikuwa amesimama wima, lakini alama ilimwacha vidole vinne chini. Karani alisema hajaona jambo hilo tangu azaliwe. Wakamwambia arudie, akarudia, kila mara akawa bora zaidi. Ilikubaliwa kwamba Jumatatu afanye vivyo hivyo, na kijiwe kikamhesabu tayari ni askari.

Brigedia ndiye aliyesema lile jingine.

— Kuingia ameingia. Tumwone akitoka.

Tundu la juu lilipimwa, likazidishwa. Tairi alisikia namba, akaenda bandani bila kuuliza, akarudi na tairi la gari dogo ambalo tundu lake lilikuwa sawasawa na hesabu. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kwa Tairi kujua jambo kwa uhakika. Yeye na mwenye mkokoteni walisimama kila mmoja upande wake, wakalishika tairi limelala, kimo cha dari. Tairi alidai kifaru kiwe na watu wake kamili, kwani mtu hatoki kwenye nyumba tupu. Karani alikaa kwenye kisehemu cha mpakia risasi, na kigoda chake. Cha tatu kilikosa mtu. Mama Mlingoti alikuwa amesimama karibu, kikombe mkononi. Wakamwomba, akakusanya kanga akaketi, magoti yake nyuma ya mgongo wa mwanawe.

Mlingoti alijikunjua akainuka. Kichwa kilipita kwenye tairi. Mkono mmoja ulipita. Wa pili ulikataa. Akarudi chini, akapitisha mikono miwili kwanza, kama mtu anayepiga mbizi kwenda juu, akasukuma kwa miguu. Mabega yalifika, yakaingia nusu, yakakwama. Alisukuma tena. Tairi na mwenye mkokoteni walivutwa na tairi, wakayumba, wakaliachia wasianguke. Mlingoti akabaki amesimama katikati ya kifaru cha chokaa, mikono juu, tairi limemkaa kifuani, halipandi wala halishuki.

Kijiwe kilicheka. Waliokuwa bombani walicheka, mwenye mkokoteni alikaa chini kwa kucheka, na Mlingoti mwenyewe alicheka, kwa kadiri tairi lilivyomruhusu.

Muuguzi mmoja alikuwa amefika kuchukua saa yake, ile ya kubandika kifuani. Ni mgeni mtaani, kahamia zahanati ya jirani mwezi huu, na alikuwa amesimama nje ya mstari kwa kuwa hakujua kama unaruhusiwa kuvukwa. Aliwatazama kwa utaratibu waliokuwa ndani, mmoja mmoja.

— Na hao wawili walio chini yake, — aliuliza, — wao wanapitia wapi?

Kicheko kilikwisha kutoka nyuma kwenda mbele. Brigedia alifungua kile kitabu cha maelekezo, akapekua, akakifunga. Karani, aliyekuwa mmoja wa hao wawili, alitazama juu, pale ambapo palikuwa na tundu na sasa palikuwa na mtu.

Mlingoti hakuweza kugeuza kiwiliwili. Aligeuza shingo, akashusha macho. Mama yake alikuwa ameketi palepale, ndani ya mistari yake, kikombe mkononi, anamtazama.

— Mama, toka, — alimwambia.

— Nitatokaje, — alisema mama yake, — na wewe umesimama mlangoni.

Hakusema kwa kumlaumu. Lilikuwa jibu tu.

Tairi alileta maji ya sabuni, yale anayotumia kuvalisha matairi kwenye rimu, akampaka mbavu na mabega, na tairi likatoka. Mlingoti alivaa shati juu ya povu. Muuguzi alipewa saa yake. Karani alipewa mkono akainuliwa. Kahawa ilikuwa imekwisha kwenye birika, na Mama Mlingoti akazima mkaa. Usiku huo magari machache yalipita juu ya chokaa, na asubuhi ya Jumapili mzinga ulikuwa umebaki nusu.

Jumatatu Mlingoti alikwenda kambini. Alivaa suruali pana, Tairi alihakikisha.

Yaliyotokea huko yalisimuliwa kwa simu jioni ile na kijana wa mtaa wa pili aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, na baadaye yakathibitishwa na Mlingoti mwenyewe. Zamu yake ilipofika alivua viatu, akaweka visigino ukutani, akanyoosha magoti, akainua shingo. Mpimaji alimwangalia, akamwambia anaweza kulegea kidogo, wengi hulegea. Mlingoti alisema hapana, apimwe hivyo hivyo, kuna wenzake watakaohitaji mlango. Mpimaji alisoma namba, akamwambia arudi nyumbani.

Alirudi Jumanne kwa basi la mchana. Aliposhuka kwenye kona, watu waliokuwa wamekaa kwenye benchi walisimama.